Viti baadaye, kaka

Umeuliza uanze na viti au injini ya hiyo boti kuukuu ya kuvuta ski uliyonunua Minnesota, huko Marekani kwenye baridi kali. Anza na maji: yatoe yote kwenye bloku, yaani mwili wa injini, na manifoldi za ekzosi, mabomba yanayokusanya moshi wa injini, kabla baridi haijakaza, maana yakiganda hutanuka kama asilimia 9 na bloku hupasuka. Ukifungua kizibo cha kutolea maji na hakitoki kitu, chokoa kwa waya; mara nyingi ni kutu imeziba tundu.

Kisha ng'oa zulia. Boti nyingi za zamani zina maboriti ya mbao ndani ya faibaglasi. Toboa tundu dogo kwenye boriti. Unga ukitoka mweusi, umelowa, mbao imeoza, na pesa uliyotaka kununulia spika imeshakwenda huko.

Na usifunge alteneta (kifaa cha kuchaji betri) ya gari, hata fundi akiapa ni ileile. Ya boti imekingwa, cheche zisiwashe mvuke wa petroli.