Mama mgonjwa anasema "nipumzisheni": je, tunamnyima hiari yake?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mama yangu ana saratani, tunamuuguza nyumbani Majengo, Moshi. Juzi usiku alisema, "Nimechoka, nipumzisheni." Kaka yangu anasema nchi za wenzetu mgonjwa akitaka husaidiwa kufa kisheria, na Qur'ani yenyewe inasema hakuna kulazimishana katika dini. Je, tunamnyima haki yake? Na tukiacha mionzi, tutakuwa tumemuua?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Pole sana, mwanangu. Kuuguza mzazi ni kazi ya mchana na usiku.

Kuhusu hizo nchi kaka yako yuko sahihi. Oregon kule Marekani sheria hiyo inatumika tangu 1997, Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada tangu 2016. Kwetu anayemsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha.

Ila aya aliyoishika, Al-Baqara 256, inahusu kuingia katika dini: mtu hasilimishwi kwa nguvu. Haimpi aliyeamini umiliki wa roho yake. Roho ni amana. Katika An-Nisaa 29 tumekatazwa kujiua, na papo hapo Mwenyezi Mungu akajitaja kuwa ni mwenye kuturehemu.

Hiari ipo, tena pana. Mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume (s.a.w.) amwombee dua. Akamchagulisha: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunuka nguo akianguka. Kwa hadithi hii, wanazuoni wengi wakasema matibabu si lazima kwa kila mgonjwa. Basi madaktari wakisema mionzi haina tamaa tena, na mama haitaki, kuiacha si kumuua. Kumpa dawa ili afe ndiko kuua, hata akiiomba mwenyewe.

Na maumivu yatibiwe! Wapo wanaoogopa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, wakidhani ni haramu. Kwa kipimo cha daktari na nia ya kumtuliza, mpeni, hata ikimletea usingizi.

Niliwahi kumzuru mzee mmoja Bondeni, naye kila akigeuzwa alikuwa anasema bora afe. Binti yake alifunua neti, akavuta mofini ya maji kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, akamdondoshea mdomoni pole pole. Tukakaa. Baada ya muda yule mzee akafumbua macho, akauliza kama migomba imemwagiliwa. Kifo hakukitaja tena siku ile.

Hata kule Oregon, taarifa za kila mwaka zinaonyesha kuwa wanaoomba dawa ya kufa hutaja zaidi kupoteza uwezo wa kujitegemea kuliko maumivu, na wengi hutaja pia hofu ya kuwa mzigo kwa jamaa zao. Ndiyo maana sheria hii inanitisha hata kwa asiye Mwislamu. Mgonjwa maskini, anayesikia watoto wakihesabu nauli na gharama ukumbini, hiari yake ni ya namna gani?

Akizidiwa, mfundisheni dua aliyoipokea Anas, sahaba wa Mtume (s.a.w.): "Ewe Mola, nihuishe maadamu uhai ni kheri kwangu, na nifishe kifo kikiwa ni kheri kwangu." Na usiku akisema amechoka, muulize taratibu: umechoka na nini, mama? Kisha nyamaza umsikilize. Mwambie nitapita Jumamosi baada ya Alasiri, inshaallah, kumjulia hali.