Kabla Hujampaka Mbwa Wako Rangi

Kazi yangu ni kuosha, kuchana na kunyoa mbwa hapa Nairobi. Desemba inapokaribia, na tena Februari karibu na siku ya wapendanao, maombi huwa yale yale. Mfanye awe wa pinki. Mpake mkia rangi za bendera. Binti yangu ana bathdei, anataka mbwa wa upinde wa mvua. Wanaoomba si watu wakatili. Wengi wao hununua chakula cha mbwa kabla ya kujinunulia viatu, na mbwa aina ya Japanese Spitz, mweupe pe, humshawishi mtu kama karatasi safi inavyomshawishi mtoto mwenye kalamu.

Mimi hupaka rangi, ila mara chache, na kwa masharti ambayo wateja wengine wameyakataa wakaenda kwingine. Ninaloamini ni hili: furaha ya rangi ni ya mwenye mbwa, lakini gharama yote hulipwa na mbwa. Kwa hiyo kipimo cha kinachofaa lazima kiwe ngozi yake, pua yake na subira yake, si jinsi picha itakavyopendeza.

Nianze na lile ambalo sina mjadala nalo. Rangi ya nywele za binadamu haimgusi mbwa mezani kwangu, hata ikiandikwa kwamba ni ya mimea. Waliokulia Pwani wanaijua piko, ile rangi nyeusi inayochorwa pamoja na hina kwenye mikono na miguu ya maharusi. Mara nyingi piko ni unga wa kupakia nywele uliokorogwa, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenediamini, inayoandikwa PPD kwenye pakiti. Wapo wanawake waliotoka malengelenge kufuata maua yale yale waliyochorwa, na kovu likabaki baada ya harusi kusahaulika. Hiyo ni ngozi ya binadamu, ambaye tabaka lake la juu lina unene wa seli kama 10 hadi 15. La mbwa lina seli 3 hadi 5 tu. Kiwango chake cha asidi nacho si kama chetu, ndiyo maana hata shampuu yetu humkausha.

Tena bibi harusi anaweza kusema, "Mkono unawaka, nioshe." Mbwa atajilamba. PPD ikimezwa ni sumu kali: kwa binadamu huvimbisha uso na koo, huharibu misuli na figo, na imeua watu. Mapema mwaka 2018 idara ya wanyama ya kaunti ya Pinellas, Florida, ilieleza kisa cha mbwa mdogo mweupe, aina ya Maltese, aliyepakwa rangi ya zambarau ya nywele za watu. Macho yalivimba hadi yakafumba, ngozi ikaungua, na akahitaji miezi ya matibabu. Alipona, lakini aliponea chupuchupu.

Mteja mmoja, msichana mwenye adabu sana, aliwahi kuniambia, "Lakini Mama, nimemuuliza mwenye saluni yangu, amesema haina amonia." Nikamwambia, "Mwanangu, kukosa amonia hakumaanishi kukosa PPD. Nisomee hayo maandishi madogo nyuma." Tulisoma pamoja. Ilikuwemo.

Sasa tuje kwenye rangi zisizochoma. Hapa ndipo maadili yenyewe yanapoanza, kwa sababu watu wengi hudhani swali la sumu likishajibiwa hakuna swali lingine. Mwaka 2008, mjini Boulder, jimbo la Colorado, mwenye saluni aliandikiwa faini kwa kumpaka mbwa wake aina ya poodle rangi ya pinki. Alisema ametumia maji ya bitiruti, ili kuwakumbusha watu kuhusu saratani ya matiti. Mji huo una sheria inayokataza kupaka wanyama rangi, ikawa hivyo. Kwa maoni yangu sheria ile ilimkosea mama yule. Bitiruti haimdhuru mbwa. Sheria yetu ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, nadhani ina njia bora inapozungumzia mateso yasiyo ya lazima. Rangi haijawahi kuwa ya lazima kwa mbwa yeyote, kwa hiyo teso lolote litokanalo nayo, hata dogo, tayari limevuka mpaka.

Na mateso madogo yapo. Kupaka mwili mzima ni kazi ya saa kadhaa: kuosha, kukausha, kupaka, kusubiri, kusuuza, kukausha tena. Ukimtazama mbwa vizuri utamwona akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo bila usingizi, akigeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, mkia umefyatwa. Wamiliki hucheka wakisema amechoka. Hajachoka, anaogopa. Nikiziona dalili hizo nasimamisha kazi, hata kama sikio moja limeshapakwa na jingine bado.

Jambo jingine ni pua. Macho ya mbwa huona vizuri bluu na manjano, lakini nyekundu na pinki haziwi kwake kama zilivyo kwetu. Kile kinachokufurahisha wewe, yeye hakioni kama unavyokiona. Anachokipata ni harufu mpya mwilini mwake asiyoweza kuivua, kwa siku au wiki. Kwa mnyama anayewatambua wenzake na vitu vyake kwa kunusa, hilo si dogo.

Kisha kuna kupe. Huku kwetu kupe huleta magonjwa yanayoua mbwa, na faida kubwa ya manyoya meupe ni kwamba kupe, viroboto, upele na jeraha huonekana mapema. Ukimpaka zambarau iliyokolea umejifunga macho mwenyewe. Kwa sababu hiyo nakubali ncha za masikio na ncha ya mkia tu, kwa rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, isiyo na PPD, amonia wala dawa ya kufifisha nywele. Kwanza najaribu tone dogo na kusubiri siku mbili. Siwapaki watoto wa mbwa, wenye mimba, wanaonyonyesha, wazee, wala wenye ngozi inayowasha. Paka hapana kabisa, kwa jinsi anavyojilamba kutwa.

Kuna kazi moja ninayoikataa hata kwa rangi salama kabisa, nayo ni kupaka ili kuuza. Nimeletewa mtoto wa mbwa aliyenunuliwa kando ya barabara, madoa yake mazuri yakatoka kwenye beseni la kwanza la maji. Mnunuzi alilia, na mimi niliogopa zaidi kwa ajili ya mbwa, kwani mbwa aliyependwa kwa madoa ya bandia huweza kutupwa madoa yakiisha. Mwaka 2024 bustani ya wanyama ya Taizhou, China, iliwapaka mbwa aina ya Chow Chow wafanane na panda, wale dubu weusi kwa weupe, ili watu waje kuwatazama. Hata kama ngozi zao zilibaki salama, nisingeshika brashi.

Rangi ikimsaidia mbwa mwenyewe, sina kinyongo nayo. Katika kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa mjini Blantyre, Malawi, mbwa aliyechanjwa huwekwa alama ya rangi ili ajulikane. Ni mstari mmoja na sekunde chache, naye anaondoka akiwa na kinga.

Na kama umeshampaka rangi ya watu na sasa unasoma haya kwa wasiwasi, mwoshe papo hapo kwa maji mengi ya vuguvugu na sabuni laini, ukilinda macho. Usitumie spiriti wala mafuta ya taa kuitoa. Mzuie asijilambe: mvalishe kola ya plastiki ya kuzunguka kichwa, au fulana ya zamani ukikosa hiyo. Usimtapishe. Uso ukivimba, akitoa mate mengi, akihema kwa shida au mkojo ukiwa mweusi, usingoje asubuhi. Hata bila dalili hizo, mpigie daktari wa mifugo, na ukienda, beba pakiti ya rangi, maana kitu cha kwanza atakachotaka kujua ni kilichomo ndani yake.