Mbwa wetu Popi tulivyomuaga, na kwa nini nasema usisubiri afe mwenyewe

Pole sana mkuu. Umesema mbwa wako Bosi amezeeka, hasimami tena, mkeo anataka aitwe daktari amchome sindano ya kumpumzisha, bimkubwa anasema muacheni Mungu atamchukua mwenyewe, na watoto hamjui muwaambie nini. Hiyo hali imetukuta nyumbani Moshi na mbwa wetu Popi, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Popi alikuja bado ananyonya akakaa na sisi miaka 13. Mbwa wa kienyeji wa kawaida, rangi ya udongo, chakula chake ugali na dagaa. Ila alikuwa anamsindikiza mdogo wangu wa kike kituoni saa kumi na moja alfajiri giza bado limejaa, anakaa pale chini mpaka aone mtoto kapanda daladala, ndo anageuza kurudi nyumbani peke yake. Hakuna aliyemfundisha. Makonda walishamzoea, wakimuona wanajua leo kuna abiria. Ndo maana mtu akiniambia "si mbwa tu" naumia kweli, kwa sababu kwetu yule alikuwa mtu wa nyumbani.

Ugonjwa ulianza na maji. Alikuwa anamaliza bakuli anasimama hapohapo anasubiri uongeze, anakojoa sana, anakonda mpaka uti wa mgongo unauhesabu. Daktari wa mifugo akachukua damu akapima akasema ni figo, na figo za mbwa mzee zikishaharibika hivyo hazirudi, unachoweza ni kumpunguzia makali tu kwa dripu na kubadilisha chakula. Tukapata muda mzuri tu hapo katikati, anaota jua, anabweka getini kwa sauti ile ya kukwaruza. Halafu akaanza kutapika, mdomo unanuka mkojo mkojo, miguu ya nyuma ikakataa kabisa.

Mama yangu naye alikuwa na msimamo wa bimkubwa wako, na mi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo, wametulea hivyo. Daktari hakubishana naye hata kidogo, alimwambia "mama, kaa naye usiku wa leo halafu kesho uniambie wewe". Mama akakaa naye barazani na kitenge chake. Asubuhi akasema muiteni. Mkuu hapa ndo nataka unielewe, mbwa akiwa na maumivu makali mara nyingi halii, ananyamaza, anahema harakaharaka hata kama hakuna joto, anajificha, hataki umguse, hata akipewa anachokipenda anageuza shingo. Watu wanaona katulia wanasema hana shida. Na kufa kwa figo mwenyewe siyo kulala usingizi, ni siku nzima nzima za kichefuchefu na wengine wanaishia kwenye degedege. Kwa hiyo usisubiri ifike huko, muage akiwa bado anawatambua.

Siku yenyewe ilikuwaje. Daktari alikuja nyumbani, tulimlaza Popi kwenye gunia lake chini ya mparachichi. Sindano ya kwanza ya kumtuliza, kichwa kikawa kizito kwenye mapaja ya mama. Kisha akamnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele kutafuta mshipa, akachoma ile dawa ya usingizi yenyewe, inaitwa pentobabitali, dozi kubwa kabisa. Mbwa anapoteza fahamu ndani ya sekunde chache, moyo unafuata baada ya dakika moja mbili hivi. Mama alikuwa anamwambia taratibu "nenda baba, umetulinda vya kutosha". Daktari akasikiliza kifua akatikisa kichwa, basi. Nakwambia mapema ili msishtuke, macho hayafungi, anaweza kukojoa, na anaweza kuvuta pumzi kubwa moja akiwa ameshaondoka. Hiyo ni misuli tu, hasikii kitu.

Kaburi chimba refu, mita moja au zaidi, maana ile dawa inabaki mwilini, mbwa mwingine au ndege akifukua akala anaweza kufa na yeye. Aliyetusaidia kuchimba ni mzee jirani, Muislamu, hafugi mbwa na wala hakuwahi kumgusa Popi, alikuja na jembe lake mwenyewe bila kuitwa akasema huyu kiumbe amelinda mpaka kuku wangu.

Watoto waambie ukweli, Bosi anaumwa, hatapona, daktari atamsaidia afe bila kuumia. Usiwaambie amesafiri, watamsubiri, wala usiseme amelala maana mtoto mdogo anaweza kuogopa kulala yeye. Anayetaka kuwepo awepo, asiyetaka asilazimishwe. Na kama una mbwa mwingine hapo muache aje anuse mwili kabla hamjafukia, wa kwetu alinusa akaondoka zake, hakumtafuta sana.

Kingine, huku unasubiri usimpe diklofenaki wala panadol za kwako hata ukimuonea huruma vipi, zinaumiza figo, tumbo na ini la mbwa. Na kuna watu mtaani watakushauri umuwekee dawa ya wadudu kwenye nyama uokoe hela ya daktari. Hapana jamani. Ile ni kufa kwa mateso na huyo ni mbwa aliyekulindia nyumba maisha yake yote.

Muulize bwana mifugo wa kata yako akuelekeze kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, na ukimpata muulize kwenye simu kabisa kama anayo dawa ya usingizi ya kazi hiyo na kama anakuja nyumbani, siyo wote wanayo. Bimkubwa naye usimpuuze, mwombe akae na Bosi usiku mmoja kama alivyofanya mama. Mkishaongea rudi hapa uniambie, nipo.