Je, ndege yenye kamera ya haipaspektra inaona dhahabu?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Kikundi chetu kina leseni ndogo ya uchimbaji huku Geita. Kuna mtu ametufuata, anasema ana ndege inayopiga picha za haipaspektra na itatuonyesha dhahabu ilipo. Anataka tuchange fedha. Inawezekana?

Jibu: Msichange kwanza, ndugu yangu. Kifaa chenyewe, yaani kamera inayogawa mwanga unaorudi kutoka ardhini katika vipande vingi vyembamba vya rangi, ni cha kweli na nakiheshimu sana, ila dhahabu hakiioni. Mwamba wenye gramu 5 kwa tani, ambao mchimbaji yeyote angeukimbilia, una gramu 5 tu ndani ya gramu milioni moja. Isitoshe, dhahabu haina alama yake katika mwanga ambao kamera hizo hupima.

Inachokiona ni madini yaliyozaliwa pale maji ya moto yalipopita kwenye mwamba na kuubadilisha: kaolini (ule udongo mweupe), aluniti, mika nyeupe, kloriti. Kila moja humeza mwanga wa jua kwenye rangi zake, hata zile jicho lisizoziona, nazo hupimwa kwa nanomita. Ukichora mwanga unaorudi, mchoro wa kaolini hushuka mara mbili, kwenye nanomita 2165 na 2205, kama alama ya meno mawili kwenye embe. Ukiuona mara moja hutausahau. Kamera ya NASA iitwayo AVIRIS ilipima mwanga wa nanomita 400 hadi 2500 kwa vipande 224, na huko Cuprite, Nevada, ikachora madini haya vizuri mno. Mwaka 2007 Wamarekani walipiga sehemu kubwa ya Afghanistan kwa kamera ya aina hiyo.

Lakini huko ni kukavu, mwamba uko wazi. Mwanga huu husoma ngozi ya juu tu ya ardhi, haufiki hata milimita moja ndani. Juu ya mwamba wenu kuna udongo mwekundu, udongo mweusi wa mbuga, nyasi na mihogo. Na kinachoniuma zaidi ni hiki: mvua na joto letu hugeuza miamba mingi kuwa kaolini hata pasipo na chembe ya dhahabu. Ramani ingewaka rangi kila upande, nanyi mngechimba duara, yaani shimo la machimbo, kwenye udongo mtupu.

Fedha hizo chimbeni mitaro, chukueni sampuli za udongo kwa mpangilio, mpeleke maabara. Kama mnataka ndege kweli, ulizeni upimaji wa sumaku, huo unapenya udongo.

Spektra, yaani ule mchoro wa mwanga, inaweza kuwafaa kwa njia nyingine: kipimo cha mkononi kwenye mawe mliyotoa duarani. Yaanikeni kwanza. Mimi huyaacha juani kutwa nzima, maana jiwe bichi lina maji, na maji humeza mwanga kwenye nanomita 1400 na 1900 hadi alama za madini zinafifia.

Huyo bwana akirudi, mpeni jiwe lenu moja, awaonyeshe mchoro wake na kutaja madini anayoyaona. Akisema anaona dhahabu, msimlipe.