Kolombia Niliyoikuta Nje ya Ratiba

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza ni vivutio gani asivikose atakapokwenda Kolombia, akaambatisha ratiba ndefu aliyoandaliwa na wakala wake wa safari. Ratiba hiyo naifahamu, kwani nami nilipewa inayofanana nayo: Makumbusho ya Dhahabu mjini Bogotá, mashamba ya kahawa, kuta za kale za mji wa pwani wa Cartagena. Vyote hivyo vinastahili kutazamwa. Hata hivyo, yaliyonikaa moyoni hayakuandikwa humo.

Bogotá uko mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari, na sisi watu wa pwani pumzi hutukatika upesi huko. Jumapili asubuhi nilitaka teksi, nikaambiwa barabara imefungwa hadi saa nane mchana. Tangu mwaka 1974 mji huo umekuwa ukiwafungia madereva njia siku za Jumapili, na leo zaidi ya kilomita 120 huachiwa wapanda baiskeli na waenda kwa miguu, sikukuu zikiwemo. Nilitembea katikati ya barabara kuu, wazee wakinipita kwa baiskeli, watoto wakisukumwa na baba zao. Pembeni fundi alikuwa akiziba pancha huku mama jirani yake akikamua machungwa, na wateja wa fundi wakawa wateja wa mama. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: Jumapili ya Bogotá usiipangie chochote.

Nilipoaga nyumbani Mombasa, shangazi yangu alilia kana kwamba ananisindikiza makaburini, na jamaa wengine wakauliza kwa kejeli kama nimeingia biashara ya dawa za kulevya. Maneno hayo yaliniuma, na hadi leo yananiuma. Ni kweli kwamba Kolombia imepitia vita na mauaji mengi, na mgeni hana budi kuuliza wenyeji mtaa upi asiuingie usiku. Lakini kulihukumu taifa zima kwa filamu za majambazi ni dhuluma ileile ambayo sisi Waafrika huilalamikia tunapofanyiwa.

Cartagena ndiko nilikoduwaa. Jioni moja, mbali na mitaa ya watalii, nilisikia gitaa la soukous likitoka kwenye spika zilizopangwa hadi kimo cha ukuta na kupakwa rangi kali. Wenyeji huziita picó. Muziki huo wa Kongo na wa nchi nyingine za Afrika ulifika pwani ile kwa sahani za santuri, nyingi zikiletwa na mabaharia katika miaka ya 1970, na kutokana nao vijana wakazaa muziki wao, champeta. Nilijivunia kuujua ule mdundo kabla sijaelezwa chochote, na nilicheza bila kufundishwa.

Siku iliyofuata niliahirisha ziara ya visiwa niliyokwisha kuilipia, nikaenda San Basilio de Palenque, mwendo wa kilomita kama 50 kutoka Cartagena. Kijiji hicho ni cha wazao wa watumwa waliotoroka wakiongozwa na Benkos Biohó, ambaye Wahispania walimuua mwaka 1621. Sanamu yake iko uwanjani, minyororo ikining'inia mikononi. Lugha yao imechanganya Kihispania na Kikongo, na maiti wao huombolezwa kwa ngoma na nyimbo katika matanga ya siku tisa. Mama mmoja aliniuzia vipande vya nazi vilivyopikwa kwa sukari guru. Nilipokitia kimoja mdomoni kilikuwa kashata tupu, ya kunata menoni, yenye harufu ya moshi wa kuni.

Ndugu yangu uliyeniandikia, usikubali kujaziwa kila saa na mtu ambaye hatasafiri nawe. Bakiza siku zisizo na mpango, jifunze Kihispania cha kuombea njia na kuulizia bei, na fuata masikio yako. Palenque nenda na mwongozaji mzaliwa wa pale, ili fedha zako zibaki kijijini. Ukiweza kuchagua mwezi, chagua Oktoba, kwani ndipo tamasha lao la ngoma hufanyika. Na usiku huo ulale hukohuko, usiharakishe kurudi Cartagena.