Mnaoanza maabara ya virusi na saratani: ijueni seli kabla ya kuigusa

Mwaka huu tena nimekuta mtu anaanza majaribio ya E7, protini ya HPV (kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi), na kontroli yake "isiyo na virusi" ni HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara. Wadogo zangu, HeLa ilitoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, Baltimore, 1951. Ndani ya jenomu yake imo HPV18 mpaka leo, na E6 na E7, protini zake mbili za kuchochea saratani, bado zinatengenezwa humo. Inaniuma kuona vitendanishi vya bei vikiishia hapo, kwa hiyo naandika.

1. Andika kwenye chupa seli imebeba protini gani za virusi. SiHa na CaSki, nazo za saratani ya mlango wa kizazi, zina HPV16. C33A, ya saratani hiyo hiyo, haina HPV. HEK293, ambayo kila mtu anaichukulia kuwa seli ya kawaida, ina E1A na E1B za adenovirusi, na 293T imeongezewa antijeni T kubwa ya SV40, kirusi cha nyani. Protini hizo huzikamata Rb na p53, protini za seli za kuzuia saratani, zile zile mnazotaka kuzipima.

2. Bloti ya p53 (kipimo kinachoonyesha protini kama mistari kwenye filamu) msiisome kwa pupa. Tulikuwa na kijana mmoja hodari, bloti zake safi kuliko za wengi wetu. Alipakia HeLa na C33A bega kwa bega. Aktini, protini ya kulinganishia kiasi kilichopakiwa, zikatoka sawa, C33A ikatoa mstari mnene mweusi wa p53, na HeLa karibu tupu. Akaandika kwenye slaidi: HeLa imepoteza jeni ya p53, C33A inayo nzima.

Ukweli ni kinyume chake. Mstari mnene wa C33A ni p53 yenye hitilafu, inayorundikana kwa sababu haivunjwi inavyotakiwa. Ya HeLa ni nzima kabisa, ila E6 inaikamatisha kwa E6AP, kimeng'enya cha seli yenyewe, inabandikwa yubikwitini (alama ya kuharibiwa) na kupelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kuvunja protini. Alipopima mfuatano wa jeni ya p53 ya HeLa ukatoka hauna kasoro, alidhani amechanganya sampuli, akarudia kila kitu tangu mwanzo. Nilimkuta jioni peke yake, filamu zimetandazwa mezani, macho mekundu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba bloti inaonyesha protini iliyobaki, na kwamba iliyotengenezwa kisha ikaharibiwa haionekani pale.

Tukaweka MG132, dawa ya kuizuia proteasomu, kwa saa chache na p53 ya HeLa ikajitokeza. Alishangilia, lakini nikamzuia hapo hapo: MG132 huipandisha p53 hata kwenye seli zisizo na HPV, maana huko MDM2, protini ya seli yenyewe, nayo huipeleka kwenye proteasomu hiyo hiyo. Kilichotupa jibu ni kunyamazisha E6AP. p53 ya HeLa ikapanda, na kwenye seli zisizo na HPV haikubadilika. Ile bloti ya pili ninaionyesha kila mwanafunzi anayekuja.

3. Mkikuta p16, breki ya mgawanyiko wa seli inayofanya kazi kupitia Rb, imepanda sana kwenye uvimbe wa HPV, msishtuke: E7 imeiondoa Rb, breki ya p16 inavutwa lakini haishiki gurudumu, na ndiyo maana wanapatholojia huipaka rangi kuitafuta.

4. LMP1, protini ya kirusi cha Epstein-Barr (EBV), mnaipenda, nami naipenda. Inajifanya CD40, kipokezi cha seli, iliyowashwa bila ligandi (molekuli ya kukiwasha), inazivuta TRAF na TRADD, protini za kupitisha ishara, na NF-kB, swichi ya jeni za ukuaji, haizimiki. Basi kila mwaka kuna anayekimbilia biopsi za limfoma ya Burkitt, saratani ya seli B za kinga, kuitafuta, kwa kuwa ugonjwa huo ni wa kwetu: Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaripoti kirusi chenyewe kwenye seli za uvimbe huo. Lakini kwenye Burkitt EBV kwa kawaida hubakiza EBNA1 tu katika protini zake za kujificha. Anayesukuma ukuaji ni MYC, jeni ya ukuaji iliyohamishwa ikakaa jirani na jeni za imunoglobulini (kingamwili). LMP1 itafuteni kwenye limfoma ya Hodgkin yenye EBV, au saratani ya nasofarinksi (koo la nyuma ya pua).

Na msiniletee Raji, seli zinazokuzwa maabara, kunibishia. Kweli ilitoka kwenye Burkitt na kweli inatoa LMP1, lakini seli za Burkitt zikikaa muda mrefu kwenye chupa huanza kufungua jeni za EBV zilizokuwa zimefungwa mwilini mwa mgonjwa. Kilichopo kwenye uvimbe kitafutwe kwenye kipande cha uvimbe.