Maswali ya Wasomaji: Ghala Lililogeuka Nyumba ya Sanaa

Swali: Nitapita Cape Town nikiwa na saa chache tu. Je, makumbusho ya Zeitz MOCAA yatanifaa, ilhali mimi si mjuzi wa sanaa? – Msomaji, Tanga.

Jibu: Yatakufaa sana, ndugu msomaji. Jengo hilo lilikuwa ghala la nafaka la miaka ya 1920, lenye mapipa marefu ya zege 42, na msanifu Thomas Heatherwick, badala ya kulibomoa, alichonga ndani ya mapipa hayo ukumbi wenye umbo la punje ya hindi, likafunguliwa mwaka 2017 kuhifadhi sanaa za kisasa za Afrika. Nakuomba usikimbilie lifti. Simama kwanza ukumbini, uinue macho utazame mwanga unavyoshuka kwenye zege iliyokatwa, kisha ndipo upande kwenye vyumba vya maonyesho.